Kompyuta zetu ziachwe zilivyo, zibadilike skripti

Ndugu Mhariri,

Assalaamu alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba dawa ya matatizo ya kompyuta katika skuli na afisi zetu ni kununua mashine za aina moja, zenye mfumo endeshi mmoja, Unguja na Pemba, na hizi zilizopo zitiwe stoo. Nia yake njema, sina shaka. Lakini dawa aliyoiandika si ya ugonjwa huu, na bei yake ataijua atakayelipa.

Mimi nina duka la steshenari hapa Madungu, Chake Chake. Kazi hii niliianza na mashine ya taipu, ile yenye mkono wa chuma unaousukuma kila mstari ukimalizika. Leo natoa fotokopi, napiga chapa barua za maombi na kadi za harusi, na baina ya hayo natengeneza kompyuta za skuli na madrasa. Wengine huniletea kutoka Wete na Konde, imefungwa ndani ya kanga, imepakatwa kwenye daladala. Ninayoyasema hapa nimeyashika kwa mkono.

Katika chumba kimoja cha walimu ninachokihudumia kuna kompyuta za mezani zilizokuja zimeshatumika. Windows mpya haziiwezi, kwa hivyo nimezitia Ubuntu, mfumo endeshi wa bure wa aina ya Linux. Kuna laptopu za Windows zilizonunuliwa na kamati ya wazee. Na kuna Mac moja ya kampuni ya Apple aliyoiacha ndugu yake mwalimu mkuu anayeishi Uingereza, alipokuja kwa Idi. Hiyo ndiyo Pemba. Kompyuta zetu hazikuja kwa tenda moja. Zimekuja ndani ya mizigo ya jamaa, kwa misaada, kwa mnada, kwa michango, na kila mwaka zitaendelea kuja hivyo hivyo hata serikali ikinunua nyengine.

Sasa nieleze kilichonifanya nishike kalamu. Skuli hiyo na nyengine za jirani zilichangishana kumlipa mtaalamu mmoja awatengenezee skripti ya mitihani ya muhula: ikusanye alama, iseme nani kafaulu na nani hakufaulu kwa kila somo, itoe orodha. Sitomtaja, na wala simchukii.

Kwa asiyejua, skripti ni faili la amri. Badala ya mtu kukaa akiandika moja moja, fungua hili, toa mstari ule, hesabu, panga, hifadhi, huziandika zote mahala pamoja, kisha programu iitwayo sheli huzisoma kutoka juu hadi chini na kuzitekeleza. Ni kitu kidogo. Aghlabu hakizidi kurasa mbili. Hakihitaji kununuliwa wala kupakuliwa, kwa sababu kwenye Ubuntu na Mac sheli imeshakuja na mashine.

Skripti ikaja kwa flashi. Mwalimu wa taaluma akaiendesha kwenye moja ya zile Ubuntu. Skuli nzima ikaanguka. Kila mtoto, kila somo: HAKUFAULU. Skrini imejaa ujumbe mmoja unaojirudia, `[[: not found`, na ndani ya folda limezuka faili tupu liitwalo 50 ambalo hakuna mtu aliyelifungua.

Mwalimu kijana wa hisabati akaona kelele yote inatoka kwenye mabano ya mraba yaliyoandikwa mawili mawili, akayafanya moja moja. Akaendesha tena. Mara hii skuli nzima ikafaulu, hata mtoto aliyepata 9. Faili la 50 bado lipo.

Wakampigia simu mtaalamu mwenyewe. "Mwalimu, mbona kwangu inakwenda vizuri?" akasema, na kweli kwake inakwenda: anatumia Mac. Basi wakaichukua Mac ya mwalimu mkuu, wakaiendesha ile ile ya asili. Haikulalamika hata neno moja. Ila aliyepata 9 ya hisabati amefaulu, na msichana aliyepata 100 hakufaulu.

Hapo ndipo nikaitwa. Mstari wenyewe ulikuwa huu:

`if [[ $alama > 50 ]]`

Ndani ya sheli ya bash, mabano mawili yenye alama ile ya > hulinganisha maandishi kwa mpangilio wa kamusi. Ukubwa wa namba hauangaliwi. 9 inakuja baada ya 5, kwa hivyo 9 imeipita 50. 100 inaanza na 1, kwa hivyo iko nyuma yake. Kwenye Mac, anayesoma skripti inayoanza na `#!/bin/sh`, mstari unaotaja sheli ya kuisoma, ni bash, na bash inayajua mabano mawili, ikayatekeleza kama ilivyoambiwa. Kwenye Ubuntu, /bin/sh ni dash, sheli ndogo isiyoyajua kabisa. Kwake `[[` ni jina la programu, ikaitafuta, isiione, ikalihisabu jawabu kuwa "hapana". Na alama ya > nje ya mabano yale ya bash ni amri ya kupeleka matokeo kwenye faili, na jina la faili ndilo linalofuata: 50. Kijana wa hisabati alipopunguza mabano, kilichobaki kikawa suali moja tu, kwamba alama ya mtoto ni tupu au si tupu. Si tupu. Wote wamefaulu.

Kuitengeneza ni hivi:

`if [ "$alama" -ge 50 ]`

Mstari huu unakwenda kwenye sheli hizi zote: kwenye dash, kwenye bash, kwenye zsh ya Mac, kwenye ksh ya watu wa zamani, na kwenye busybox iliyomo ndani ya vijisanduku vingi vya intaneti tunavyotundika ukutani. Alama zenye nusu, 49.5 kwa mfano, hauziwezi. Hapo naita awk, programu ndogo ya kuchambua maandishi na namba, nayo iko kila mahala. Na aliyepata 50 kamili, kafaulu au hakufaulu? Hilo nililirejesha kwa kamati ya mitihani. -ge ni "sawa au zaidi", -gt ni "zaidi" tu, na si kazi ya fundi kuamua.

Sasa namuuliza msomaji mwenzangu: mashine za aina moja zingeuponya mstari ule? Kama zote zingelikuwa Mac, tungelipata orodha safi, isiyo na ujumbe wa kosa, ikabandikwa ukutani, mwenye 9 kafaulu na mwenye 100 kaanguka, na pengine asingelishituka mtu mpaka mzee mmoja aje na daftari la mwanawe. Hizo kompyuta mchanganyiko anazotaka zitiwe stoo ndizo zilizopiga kelele. Majaribio matatu kwenye mashine za aina mbili yalitoa majibu matatu, na hapo kila mtu akajua kuna jambo.

Najua atasema: basi Ubuntu na Mac zikubaliane. Zimeshakubaliana, zamani. Kila mwenye karafuu nyumbani kwake ana pakacha na ndoo ya kiasi chake, lakini mchumaji hulipwa kwa pishi, na pishi ya Micheweni ni pishi ya Mkoani. Kompyuta nazo zina pishi yao, inaitwa POSIX. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1988. Sehemu ya sheli na amri zake ikatoka 1992. Toleo la karibuni ni la 2024. Jina alilipendekeza Richard Stallman, mwanzilishi wa GNU, mradi wa programu huria. Waraka wenyewe unasomwa bure kwenye intaneti, na kila sheli niliyoitaja hapa inajitahidi kuufuata, kisha inaongeza vya kwake juu. Kazi ya mwandishi wa skripti ni kujua kilicho ndani ya pishi na kilichomwagika juu yake.

Na vilivyomwagika ni vingi, kwa sababu ya historia. Sheli ambayo wengine wote wameiiga ni ya Stephen Bourne wa Bell Labs, iliyotoka mwaka 1979 na toleo la saba la Unix, mfumo endeshi wa zamani ambao Linux na Mac zimeufuata. Brian Fox akaandika bash mwaka 1989, nayo ikakua ikajaa vitamu: mabano mawili, orodha za vitu vingi chini ya jina moja, na mengineyo. Vitamu hivyo vijana huvizoea mwanzo kabla ya chakula chenyewe. Mac ikabaki na bash 3.2 ya mwaka 2006, maana kuanzia toleo la 4 bash imo chini ya toleo la tatu la GPL, leseni ya programu huria, na Apple haikuichukua. Tangu 2019 anayekukaribisha ukifungua dirisha la amri kwenye Mac ni zsh. Ubuntu nayo ikakipa dash kiti cha /bin/sh mwaka 2006, Debian, mfumo ambao Ubuntu imetokana nao, ikafuata 2011, kwa kuwa dash ni nyepesi na mashine huwaka upesi. Kwa hivyo mtu anayesema "naandika bash" inabidi aulizwe ya mwaka gani, na ya nani.

Nilipomaliza mabano nikaendelea kusoma, na mengine yakatoka. Palikuwa na hii:

`sed -i '' 's/;/,/g' matokeo.csv`

Sed ni amri ya kubadilisha maandishi. Maana yake hapa: kila nuktamkato ndani ya faili igeuzwe mkato, kwa sababu Excel ya laptopu moja hutenganisha safu kwa nuktamkato. Kwenye Mac ni sahihi. Ile jozi ya alama tupu baada ya -i ni mahala pa kuandika mkia wa jina la nakala ya akiba, na Mac inadai pawepo hata kama patupu. Sed ya GNU iliyomo Ubuntu haiitaki jozi hiyo. Huichukua kuwa ndiyo amri yenyewe, amri tupu, kisha inakwenda kulitafuta faili liitwalo `s/;/,/g` na kurudi na jawabu kwamba haliwezi kusomeka. Iandike kinyume chake, bila ya jozi tupu, Ubuntu itashukuru na Mac itakujibu `invalid command code m`. Kwa nini m? Kwa sababu imeshaifanya amri yako kuwa mkia wa jina la akiba, na sasa inajaribu kulitekeleza jina la faili, matokeo, ambalo linaanza na m. Lingeitwa darasa.csv, lingeanza na d, ungepata lawama nyengine kabisa na ungehangaika siku nzima ukidhani ni ugonjwa mwengine.

Baina ya -i mbili hizo hakuna ya kushinda, maana -i haimo katika POSIX. Andika tu:

`sed 's/;/,/g' matokeo.csv > mpya.csv && mv mpya.csv matokeo.csv`

Ni ndefu zaidi, ndiyo. Lakini inakwenda kote, na sed ikishindwa katikati ya kazi, faili la zamani halikuguswa.

Tarehe nayo ni hivyo. Alitaka nakala ya akiba ipewe jina la tarehe ya jana, akaandika `date -v-1d`, ambayo ni ya Mac na jamaa zake wa BSD, tawi jengine la ukoo wa Unix. Ubuntu inataka `date -d yesterday`. Hakuna njia fupi ya kusema "jana" inayoeleweka na wote. Mimi niliwauliza walimu: mna haja gani na jana? Hawana. Nakala ikapewa jina la leo, `date +%Y-%m-%d`, na hiyo inafahamika popote. Mara nyingi dawa ya skripti ni kupunguza matakwa.

Mengine nayapita haraka. `wc -l`, amri ya kuhesabu mistari, kwenye Mac hutanguliza nafasi tupu kabla ya namba, kwa hivyo namba zilinganishwe kinamba, zisilinganishwe kama maandishi. `echo`, amri ya kuandika maneno kwenye skrini, ikiwa na \t ndani hutoa nafasi ya tabo kwenye dash, na kwenye bash hutoa mkwaju na t kama ulivyoandika; tumia `printf`, uondokane na suali hilo. Neno `source` la kuita faili jengine liache, andika nukta. Alama mbili za sawasawa ndani ya mabano moja, andika moja.

Lakini kuna jambo sitolipita haraka, nalo ni majina yetu. Huku watu wanaitwa Mas'oud, Sha'aban, Rabi'a, na kuna waalimu wanaolihifadhi kila faili kwa jina la mwenye nalo: "Mas'oud hisabati.csv", ndani ya folda "Kidato cha Pili". Skripti ile ilikuwa na kipande hiki:

`ls *.csv | xargs wc -l`

Yaani orodhesha mafaili, kisha xargs iyakabidhi majina yake kwa `wc -l`. Kwa xargs, ritifaa ile ya Mas'oud ni mlango uliofunguliwa bila ya kufungwa. Inasimama papo hapo, `unmatched single quote`, na kila anayefuata baada yake kwenye orodha hahisabiwi. Nafasi iliyo baina ya maneno nayo inalikata jina vipande: faili moja likawa mawili, yote mawili hayapo. Aliyeiandika aliijaribu, bila ya shaka, kwenye mafaili aliyoyapa majina mwenyewe: a.csv, b.csv, test.csv.

Kijana mmoja aliyekuwa kwangu kwa mafunzo ya vitendo akasema, "Bi Mkubwa, si tuwaambie tu walimu waandike Masoud?" Nikamkatalia. Jina la mtu kapewa na wazee wake, na kuna wanaoitwa Masoud na kuna wanaoitwa Mas'oud, wengine darasa moja. Kinachotakiwa kuinama ni skripti. Na kuinama kwake si kazi kubwa: kila pahala panapotajwa faili patiwe alama za kunukuu, `"$f"`, mzunguko uandikwe `for f in *.csv` badala ya kupita kwa ls, na pale palipokuwa na xargs pawe hivi:

`find . -name '*.csv' -exec wc -l {} +`

Hiyo imo ndani ya POSIX. Mas'oud akahisabiwa.

Hapo hapo pana jambo la herufi kubwa na ndogo. Kwa Ubuntu, Matokeo.csv na matokeo.csv ni mafaili mawili. Kwa Windows na kwa Mac, kwa kawaida, ni moja. Mwalimu mmoja akainakili folda ya Ubuntu kuipeleka kwenye laptopu, likaja la pili likamkalia la kwanza, na alama za darasa zima zikabaki upande mmoja tu wa chumba. Majina ya mafaili yote yawe herufi ndogo. Hilo naliamuru, maana faili halina wazee.

Niseme na Windows. Laptopu zile zina Git Bash, programu inayoileta bash kwenye Windows, na tangu 2016 Windows 10 imekuwa na njia yake ya kuendesha Linux ndani, inayoitwa WSL. Zote mbili zinaisoma skripti safi ya sh bila ya matatizo, ilimradi haikuandikwa ndani yake njia ya folda inayoanzia C, kwa sababu folda hiyo hiyo Git Bash inaiita /c na WSL inaiita /mnt/c. Balaa la Windows liko kwengine, na mimi nalipenda kwa sababu ya taipu yangu.

Kwenye taipu, kumaliza mstari ni vitendo viwili: kurudisha gari la karatasi mwanzo, na kupandisha karatasi mstari mmoja. Mashine za simu ya maandishi zilifanya hayo kwa alama mbili. Unix ikaamua moja inatosha. DOS, mfumo wa Microsoft wa kabla ya Windows, ikazibakisha mbili, Windows ikazirithi. Sasa mwalimu akiichukua skripti, akaifungua kwenye Windows kubadilisha jina la muhula, akaihifadhi kwa programu inayoandika alama zote mbili, kila mwisho wa mstari unabaki na kitu kisichoonekana. Akiirudisha Ubuntu anaambiwa `/bin/sh^M: bad interpreter`, na yeye anaiona /bin/sh pale pale, wazi, haina M wala kofia. Watu wamebadilisha kompyuta kwa kosa hili, wallahi. Dawa yake ni mstari mmoja:

`tr -d '\r' < mbovu.sh > nzima.sh`

Nimeuandika kwenye karatasi na kuubandika ukutani katika kile chumba cha walimu, juu ya ratiba.

Nimeshaambiwa na kijana wangu mwengine kwamba haya yote ni ukongwe, watu waandike Python yaishe. Kwa kazi kubwa nakubali, na mimi mwenyewe skripti ikianza kuwa ndefu kiasi cha kunisahaulisha mwanzo wake naiacha sh. Lakini Python haiji na Windows, na Apple iliiondoa Python 2.7 kwenye Mac mwaka 2022, skripti za watu zikabaki hazina mwenyewe. Kwa kazi ya mistari thelathini, katika skuli ambayo bando la intaneti linatoka mfukoni kwa mwalimu, mimi nitachagua kitu ambacho kimeshalala ndani ya mashine. Kwa sababu hiyo hiyo siwaambii watu wa Mac wapakue zana za GNU. Zipo, zinafanya kazi, na siku mwalimu mkuu akiifuta mashine yake hakuna atakayekumbuka kuzirudisha.

Kujipima nako si kazi ya ubingwa. Ukiwa na Ubuntu, iendeshe skripti kwa dash kwanza. Ikipita hapo, sehemu kubwa ya njia umeshaimaliza. Kuna na programu ya bure ya ShellCheck, aliyoiandika Vidar Holen, inayosoma skripti bila ya kuiendesha na kukuonesha mstari kwa mstari. Niliupa mstari ule wa alama. Kwa skripti iliyoanza na #!/bin/sh ikanambia kwamba mabano mawili hayamo katika POSIX. Nilipobadilisha kichwa kiwe cha bash, ikanambia kwamba > ni ya kulinganisha maandishi na nitumie -gt. Makosa yote mawili yangelionekana na programu ndogo isiyouzwa, kabla ya mtoto yeyote kuanguka.

Kwa hivyo ninaloliomba kupitia gazeti lako ni dogo kuliko la msomaji mwenzangu. Wanaoajiri watu wa kuwaandikia programu, ziwe skuli, afisi za shehia, vyama vya ushirika au madrasa, waandike kwenye makubaliano kwamba malipo ya mwisho yanatolewa baada ya skripti kuendeshwa kwenye mashine ya mteja, chumbani kwa mteja, kwa mafaili ya mteja yenye majina yale yale, Mas'oud ndani yake. Kama mtaalamu hawezi kuvuka bahari, basi mteja amtumie folda moja halisi na amwambie mashine zake zina mfumo gani. Na walimu wa vyuo vyetu, wanapofundisha sheli, waanze na sh tupu kwenye dash, vitamu vya bash vije muhula wa pili. Kijana aliyeanza hivyo anajua anapotoka nje ya pishi; aliyeanza na vitamu hajui kama kuna pishi.

Fedha za mashine mpya, zikipatikana, mimi ningelizielekeza kwenye betri za kuzishikilia hizi hizi umeme unapokatika, maana kwa hilo POSIX haina la kusema.

Fundi wa steshenari,
Madungu, Chake Chake, Pemba